Mtori ni wa mama, si wa maziwa

Mwanamke akijifungua Moshi, hata kabla hajatoka wodini nyumbani wameshaanza kuulizana ndizi zitatoka shamba la nani. Ndizi mshare zinamenywa, nyama ya mfupa inachemshwa, samli inatafutwa, na mzazi anawekewa bakuli la mtori ambalo lazima alimalize mbele ya aliyempikia. Arusha desturi ni ile ile, ingawa bakuli linaweza kuwa la loshoro, supu ya kongoro, au uji wa ulezi uliotiwa pilipili manga hadi unakereketa koo. Sababu anayopewa ni moja: ale maziwa yatoke, na yatoke mazito.

Na mtori sina ugomvi. Ugomvi upo kwenye hiyo sababu. Anayeamini kwamba chakula kinatoka sufuriani kwenda moja kwa moja kwenye titi atahesabu mabakuli na kumsahau mwenye titi: amelala saa ngapi, chuchu zimepasuka kiasi gani, anaogopa nini, nani anamsema vibaya jikoni. Maziwa mengi yanayopotea katika wiki za mwanzo hupotelea hapo, na bakuli la tatu haliyarudishi.

Tuanze na maziwa yenyewe. Katika kila mililita 100 za maziwa ya mama yaliyokwisha kukomaa, maji ni kama asilimia 87. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, ni gramu 7 hivi, mafuta ni gramu 3.5 hadi 4, na protini ni gramu 1 tu. Nishati yake ni kilokalori 65 hadi 70. Mama anayekula vizuri Shanty Town, mtaa wa wenye nacho wa Moshi, na mama anayebangaiza Pasua hawatofautiani sana kwenye tarakimu hizo. Mwili hulinda maziwa kwa gharama ya mwenyewe. Kalsiamu ikipungua kwenye sahani inachotwa mifupani, na mama anayenyonyesha anaweza kupoteza asilimia 3 hadi 7 ya uzito wa madini katika baadhi ya mifupa yake, halafu akairudisha baada ya kuachisha. Madini ya chuma kwenye maziwa hubaki karibu vilevile hata kama damu ya mama imepungua.

Jambo hili lilipimwa Afrika, tena kwa wanawake waliokuwa na njaa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Uingereza waliwapa akina mama wanaonyonyesha wa kijiji cha Keneba, Gambia, chakula cha nyongeza kila siku, kisha wakapima maziwa waliyonyonya watoto. Kiasi hakikuongezeka. Waliopata nafuu ni akina mama wenyewe, kwa afya na kwa nguvu. Wapo wanaoyasoma matokeo hayo wakaona lishe ya mzazi haina maana. Mimi nayasoma kinyume: mtoto ataendelea kupata chake kwa muda mrefu, anayeliwa ni mama. Kwa hiyo mzazi alishwe kwa sababu yeye ni mtu aliyetoka kupoteza damu na anayetoa kama mililita 750 za maziwa kila siku. Hiyo sababu inatosha bila kumtaja mtoto.

Ila ulinzi huo si wa kila kitu. Vipo virutubisho ambavyo vikikosekana kwa mama vinakosekana na kwenye maziwa, na vikirudi kwenye sahani maziwa nayo yanabadilika. Hivyo ni vitamini A, vitamini za kundi B (hasa B1, B2, B6 na B12), kolini, seleniamu, madini joto, na yale mafuta ya samaki yanayojenga ubongo na macho. Hapa ndipo chakula cha mzazi kina kesi ya kujibu, na hapa ndipo bakuli la ndizi peke yake linaposhindwa. Gramu 100 za ndizi za kupika zina protini kama gramu 1. Mama anayenyonyesha anahitaji gramu 19 hivi za protini kila siku juu ya zile za kawaida. Mtori uliopikwa kwa mfupa mtupu, nyama zikabaki kwa wageni, unashibisha tumbo na kuishia hapo.

Ya kutazama sufuriani, basi, ni machache. Maini kipande cha gramu 50 hadi 100 mara moja kwa wiki yanafunika vitamini A, B12 na kolini kwa mkupuo mmoja. Siku nyingine ni mayai, maziwa yaliyochemshwa au mtindi. Vidonge vikubwa vya vitamini A walivyokuwa wakipewa wazazi mara tu baada ya kujifungua, Shirika la Afya Duniani liliacha kuvipendekeza mwaka 2011, kwa hiyo nani atakupa kama si sahani? Samaki wapo: perege wa Nyumba ya Mungu hawakosekani Moshi, na dagaa wa Ziwa Victoria wanauzwa kwa kikombe sokoni Mbuyuni na Kilombero. Mboga ni mnafu, mchicha, majani ya maboga, vyote vikaangwe na mafuta kidogo kwa sababu vitamini A ya kwenye majani haisharabiwi vizuri bila mafuta. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa imani au kwa kukosa, amwone mhudumu wa afya apewe B12, maana mtoto wa mama aliyeishiwa B12 anaweza kudhoofika na kuchelewa hatua zake akiwa ananyonya vizuri tu.

Magadi nayo yana shida yake. Kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) na maharage yenyewe vikitiwa magadi vinaiva haraka, na kuni zinaokolewa. Lakini magadi yanaharibu vitamini B1, ambayo ni miongoni mwa zile maziwa yanazozitegemea kwa mama, na magadi ya ukanda wetu mara nyingi yanabeba floraidi. Njia ya kuyaepuka ni kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji hayo asubuhi, kisha kuchemsha kwa maji mapya. Chumvi iwe ile yenye madini joto, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, itiwe chakula kikikaribia kuiva. Mama anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, na chumvi iliyokaa wazi karibu na moshi wa jiko inayapoteza.

Nimeitaja floraidi, niimalize. Maji ya miteremko ya Meru, kuanzia Ngarenanyuki hadi Maji ya Chai, yanajulikana kwa kuwa na floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi usiohitaji maabara. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Hata mama anywe maji yaliyozidi hapo, floraidi inayopita kwenye maziwa yake ni kidogo mno. Titi ni kichujio ambacho hakuna duka linalokiuza. Mtoto huyo huyo akianza kupewa maziwa ya kopo au uji uliokorogwa kwa maji ya bomba la kijiji akiwa na miezi miwili, kinga hiyo imeondoka, na kuchemsha hakuisaidii kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Kwa familia za upande huo, kumlinda mama aendelee kunyonyesha ni kulinda meno na mifupa ya mtoto moja kwa moja.

Kuhusu kiasi, kunyonyesha kunadai nyongeza ya kilokalori 500 hivi kwa siku. Watu wakisikia hivyo wanapakua maradufu. Kikombe kimoja cha maziwa (150), yai moja (70), nusu parachichi (160) na bakuli la uji wa gramu 40 za unga wa ulezi (kama 130) tayari zimefika. Ulezi ninautetea kwa makusudi: gramu 100 zake zina miligramu zaidi ya 300 za kalsiamu, nafaka nyingine za sokoni haziukaribii. Maji anywe kufuata kiu, kikombe kiwe karibu kila anaponyonyesha. Kumlazimisha lita tano hakuongezi tone. Pilipili manga haina kosa, ila chai inayozibeba ndiyo tatizo ikinywewa pamoja na chakula, kwa sababu majani ya chai yanazuia madini ya chuma kusharabiwa. Isubiri saa moja.

Vidonge vya kuongeza damu navyo visitupwe kabatini siku ya kujifungua. Penye upungufu mkubwa wa damu pendekezo ni kuendelea navyo wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Wazee wa Kichaga walilijua pengo hilo la damu kwa namna yao, wakampa mzazi mlaso, damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa na samli. Kwa madini ya chuma walilenga penyewe. Lakini damu na maziwa yasiyoiva ni njia ya ugonjwa wa kutupa mimba na kimeta, kwa hiyo nyama iliyopimwa, ikapikwa ikaiva, inafanya kazi ile ile bila hatari hiyo.

Sasa tuje kwenye maziwa kupungua, maana hapa ndipo mama mkwe, mzazi na jirani wanapogombana.

Titi lina kazi mbili tofauti, nazo zinaamriwa na homoni mbili. Prolaktini inatengeneza maziwa, na hupanda zaidi usiku. Oksitosini inayasukuma yatoke. Ya kwanza ni ngumu kuitibua. Ya pili ni nyepesi sana: maumivu, hofu, aibu, hasira au uchovu uliopitiliza vinaweza kuichelewesha au kuipunguza kwa muda. Maziwa yapo, hayashuki. Mtoto ananyonya, anapata ya juu juu, anaachia, analia. Anayetazama mlangoni anasema, “Hana maziwa huyu.” Maneno hayo yenyewe yanaifunga oksitosini zaidi.

Kinachofuata karibu kila mara ni kile kile. Mtoto anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, au uji mwepesi wa lishe, au maji ya glukosi. Anashiba, analala kwa muda wa saa nne au tano. Titi linabaki limejaa. Maziwa yaliyokaa yanaliambia titi lipunguze kazi, maana ndani yake mna utaratibu wa kujizuia: likijaa linapunguza, likimwagwa linaongeza. Baada ya siku chache maziwa yamepungua kweli, na aliyesema hana maziwa anaonekana alikuwa sahihi. Wakati huo huo mtoto anapokea maziwa ya ng'ombe ambayo, kabla ya kutiwa maji, yana protini zaidi ya mara tatu ya ya mama, mzigo kwa figo changa. Yakitiwa maji, nishati imepungua, na maji ni ya kisima kipi? Mambo yakiharibika, lawama inarudi kwenye chakula cha mzazi. Anaongezewa mtori.

Hata yale “maziwa mepesi” yana maelezo yake. Mafuta kwenye maziwa hupanda kadiri titi linavyomwagika. Titi lililokaa muda mrefu bila kunyonywa huanza kutoa maziwa ya majimaji, ya rangi kama ya bluu, na mtoto akinyonya dakika chache kisha akahamishwa anapata hayo tu. Mama aliyechoka, anayesikia maumivu, anayeharakishwa kurudi jikoni, ndiye anayemhamisha mtoto mapema. Dawa ya wepesi huo ni kumwacha mtoto amalize titi moja hadi aachie mwenyewe, ndipo apewe la pili, na kunyonyesha kuwe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

Namna ya kuyashusha maziwa kwa mama aliyekakamaa inafundishika kwa mtu yeyote wa nyumbani. Mzazi akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage kigoda, mabega yashuke. Kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu kiwekwe juu ya titi dakika chache. Hapo hapo mtu anayemwamini, awe mume, dada au mama yake, asimame nyuma, akunje ngumi, na kwa vidole gumba viwili asugue kwa mizunguko midogo pande mbili za uti wa mgongo, kuanzia shingoni hadi chini ya mabega, dakika mbili au tatu. Mzazi anaweza pia kuinama na kuegemeza kichwa kwenye mikono juu ya meza. Mtoto avuliwe, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi. Mara nyingi maziwa yanaanza kudondoka kabla mtoto hajashika.

Kushika nako kuna vipimo. Mdomo uwe umefunguka sana, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Mwanzo ananyonya haraka haraka, kisha, maziwa yakishuka, anapunguza kasi na unasikia anameza kila baada ya mfyonzo mmoja au miwili. Chuchu ikitoka mdomoni imebanwa bapa kama lipstiki mpya, hakushika vizuri. Chuchu iliyopasuka si ushujaa wa uzazi, ni kosa la mkao, na maumivu yake yanatosha kabisa kuzuia maziwa. Ikitokea sehemu ya titi imekuwa nyekundu, ngumu, ya moto, na mama ana homa, aendelee kunyonyesha na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kujua kama mtoto anatoshewa, usilitazame titi. Titi kulainika kuanzia wiki ya sita hivi ni kawaida, limezoea. Kulia jioni si kipimo, na kunyonya mfululizo karibu na wiki ya tatu au ya sita ni mtoto anayeagiza maziwa zaidi. Vipimo ni nepi na mizani. Baada ya siku ya tano akojoe mara sita au zaidi kwa siku, mkojo uwe mweupe. Siku za kwanza anaweza kupungua uzito hadi asilimia 10 lakini karibu na wiki mbili awe ameurudisha, kisha aongeze gramu 20 hadi 30 kwa siku kwa miezi mitatu ya mwanzo. Kadi ya kliniki inamaliza ubishi wa jikoni kwa namna ambayo hakuna hoja nyingine inaweza. Mama mkwe aonyeshwe mchoro ule kwa heshima: “Mama, tazama, mwezi huu kaongeza gramu 800.”

Zipo hali ambazo maziwa huchelewa kweli: uchungu uliochukua muda mrefu, upasuaji, kupoteza damu nyingi, kipande cha kondo kilichobaki. Kwa kawaida maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Yakipita saa 72 hayajajaa, mama achunguzwe, asipewe tu mawaidha. Kabla ya hapo dang'a, yale maziwa ya kwanza, inatosha. Siku ya kwanza mtoto anahitaji vijiko vya chai vichache kwa jumla, na wingi haukukusudiwa.

Turudi kwenye uzazi wa zamani. Desturi ya Wachaga ya kumweka mzazi ndani karibu miezi mitatu, halimi, hakati majani ya ng'ombe, habebi maji, imechekwa sana na waliosoma. Sehemu yake moja inastahili kuachwa: kukosa jua kabisa. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo hata kwa mama mwenye afya, na ngozi ya mama na mtoto inahitaji kutoka nje. Iliyobaki ni sayansi nzuri iliyovaa mavazi ya mila. Ilimpa mzazi ruhusa ya kulala mchana, na ruhusa hiyo ilisimamiwa na mtu mwenye mamlaka ya kuwafukuza wageni. Leo, kwenye chumba cha kupanga Ngarenaro au Majengo, mama mkwe anakuja na mkungu, anakaa wiki mbili, anarudi kwenye ng'ombe wake. Mkungu umebaki, kazi imebaki, aliyekuwa anaifanya kaondoka. Tumehifadhi chakula cha mila tukatupa usingizi wake, na usingizi ndio uliokuwa ghali.

Wageni wa kumwona mzazi wanaweza kurekebishwa bila kuvunja adabu. Anayekuja na kitenge na sabuni aoshe vyombo kabla ya kukaa. Mume ambaye hawezi kunyonyesha anaweza kila kitu kingine cha usiku: kumtoa mtoto kitandani, kumbadilisha, kumleta, kumcheulisha, kumrudisha. Mama aamke kwa dakika za kunyonyesha tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba siku 3 za likizo. Siku 3! Maziwa yenyewe hayajajaa.

Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, nayo iguswe, maana huletwa kwa mzazi kama dawa. Ulezi uliomo ni mzuri, pombe iliyomo siyo. Kileo kinaingia kwenye maziwa kwa kiwango kile kile cha damu, kinafika kileleni dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa, na kinaipunguza oksitosini, kwa hiyo mtoto anapata kidogo saa zinazofuata hata kama mama anahisi titi limejaa. Ulezi ule ule ukipikwa uji unatoa kila kilicho kizuri.

Kuna huzuni ya siku ya tatu hadi ya tano, machozi yasiyo na sababu, ambayo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikivuka wiki mbili, mama hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, hataki kula, anajiona hafai, haoni furaha kwa mtoto, hiyo ni sonona, na ni ugonjwa. Inaharibu unyonyeshaji kwa njia iliyo wazi: mama aliyezama hasikii dalili za mtoto mapema, ananyonyesha mara chache, anaachisha haraka. Nayo inaweza kuanzia kwenye unyonyeshaji wenyewe, kwa mama anayelia kwa maumivu ya chuchu huku akiambiwa mbona wenzake wanaweza. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu wa kupata sonona baada ya kujifungua. Kwa nyumba ya namna hiyo, kuuliza mzazi amekula nini ni kuuliza swali la pembeni.

Kliniki zetu zinampima mtoto kwa bidii. Mama anaulizwa uzazi wa mpango na kupimwa presha. Lipo dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, maswali 10, dakika tano, linajibiwa mtu akiwa ameketi kwenye benchi akisubiri chanjo. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru, na mama akijibu ndiyo haachwi aende nyumbani peke yake. Sioni kwa nini lisiambatane na chanjo za wiki ya sita katika kila kituo. Mama akiandikiwa dawa, asikubali haraka kuambiwa aachishe mtoto. Dawa ya setralini, kwa mfano, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na hutumiwa na wanaonyonyesha. Aulize jina la dawa, na aulize kama ipo nyingine inayofaa.

Inabaki kazi. Sheria ile ile ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 kwa mapacha, na baada ya kurudi inampa mama hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Maziwa ya mama pekee yanapendekezwa kwa miezi 6, na siku 84 hazifiki miezi mitatu. Anayekaa Usa River na kufanya kazi Njiro hawezi kwenda na kurudi ndani ya saa hizo, kwa hiyo njia yake ni kukamua. Mikono isafishwe, kidole gumba na cha shahada vishike titi sentimita 3 hadi 4 nyuma ya chuchu, asukume kuelekea kifuani kisha abane, aachie, arudie. Dakika tatu hadi tano titi moja, ahamie la pili, abadilishane hadi zitimie 20 au 30. Maziwa yanakaa saa 4 kwenye joto la nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na yanapashwa kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, kamwe si jikoni. Asipokamua angalau mara mbili au tatu kwa siku ya kazi, kile kizuizi cha titi lililojaa kinaanza ndani ya wiki.

Wengi wanakamulia chooni. Mwajiri hahitaji jengo jipya: chumba chenye komeo kwa ndani, kiti chenye egemeo, maji na sabuni. Ofisi nyingi za Arusha zinacho, zimekigeuza stoo ya mafaili.

Na hayo yote ni ya mwenye mkataba. Mama anayeuza nyanya Kilombero au ndizi Kiboriloni harudi kazini baada ya siku 84, anarudi ya arobaini au kabla, mtoto kamwacha kwa binti wa miaka kumi na mbili na chupa ya uji. Hana mwajiri wa kumdai saa mbili. Anayo halmashauri inayompitia na mashine ya ushuru, na masoko hayo yana ofisi za meneja, vizimba vitupu na walinzi. Chumba kimoja cha kunyonyeshea kwa kila soko, chenye kufuli, viti vinne na bomba, kidaiwe kwenye bajeti ya halmashauri inayofuata.